Swali Nililoshindwa Kumuuliza Baba

Katika lugha yetu habari haiwi mbaya. Ukimuuliza mtu habari za nyumbani atakujibu kuwa ni njema, hata kama nyumbani huko kuna matanga. Atasema njema kwanza, kisha atavuta pumzi na kuongeza: ila mama mkubwa hatunaye tena. Nililelewa Tanga katika adabu hiyo, wala sikuwahi kuiona kuwa ni jambo la kufikiriwa, mpaka nilipokaa darasani nchini Uingereza, mtu mzima wa miaka 39 na mama wa watoto watatu, nikifundishwa upya namna ya kumuuliza mtu hali yake.

Nilikuja Sheffield mwaka 2009 kumfuata mume wangu. Shahada yangu ya sosholojia niliyoipata Dar es Salaam ilikaa sandukuni pamoja na kanga za harusi, nami nikaenda kufanya kazi wanayoifanya wengi wetu huku, yaani kuwahudumia vikongwe katika nyumba za kutunzia wazee. Nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza. Huko ndiko nilikoona kwamba mzee anaweza kuwa na moyo mzima, mapafu mazima na miguu inayobeba, na bado akawa anazama. Mwaka 2022 nilipoona tangazo la kutafuta watu wa kusomeshwa kuwa wahudumu wa afya ya akili, huku wakiajiriwa na kulipwa mshahara tangu siku ya kwanza, niliomba. Mama yangu alikuwa amefariki Tanga mwezi wa Rajabu, miezi saba kabla ya masomo kuanza, Mwenyezi Mungu amrehemu. Huenda hilo nalo lilinisukuma. Katika usaili sikulitaja.

Inafaa msomaji aelewe mafunzo haya yalitoka wapi. Uingereza ilikuwa na dawa za sonona na za wahaka kwa miaka mingi, lakini aliyetaka kuketi na mtu aliyefunzwa, wakazungumza na kutengeneza mambo hatua kwa hatua, aliweza kungoja mpaka akakata tamaa. Mtaalamu wa uchumi, Richard Layard, na mtaalamu wa saikolojia, David Clark, wakaieleza serikali kwamba kuwatibu watu hawa kungejilipa wenyewe, kwa kuwa wengi wangerudi kazini na kuacha kuishi kwa posho. Majaribio yakaanza mwaka 2006 katika maeneo mawili, Doncaster na Newham, na mwaka 2008 mpango ukaenezwa England yote. Jina lake lilibadilishwa Januari 2023, nikiwa bado mwanafunzi, na siku hizi zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka hupitia humo. Daktari wa kawaida anaweza kumwelekeza mgonjwa huko, na mgonjwa anaweza kupiga simu mwenyewe pasi na kumwomba mtu ruhusa.

Ili kuwapokea watu wengi kiasi hicho, ilibidi wahudumu wafundishwe kwa maelfu. Wapo wa ngazi ya juu, ambao husoma stashahada ya baada ya shahada katika tiba ya fikra na matendo, siku mbili kwa wiki chuoni na siku zilizobaki kazini. Na tupo sisi wa ngazi ya chini, tunaosoma mwaka mmoja na kuwahudumia wenye matatizo mepesi na ya wastani: sonona, wahaka usioisha, mshituko wa ghafla wa hofu, kukosa usingizi. Kwa mwaka ule nilikwenda chuoni siku moja kila wiki, na siku nyingine nilikuwa kituoni, mbele ya wagonjwa wa kweli, chini ya msimamizi aliyepitia kila jalada langu.

Darasani tulifundishwa kuchora duara. Mhadhiri aliandika ubaoni fikra, mwili, hisia na matendo, akaviunganisha kwa mishale. Mtu amefiwa, fikra inamwambia hana faida tena, mwili unakuwa mzito, anaacha kutoka, kwa kuwa hatoki hapati tena vile vitu vidogo vilivyokuwa vikimpa nguvu, fikra inasema, nilikwambia. Nilipolitazama duara lile nilitabasamu peke yangu, kwa maana Waswahili hawakungoja ubao. Kwetu mtu mwenye dhiki ya nafsi husemwa kwamba ana mawazo. Hatusemi ni mawazo mabaya wala mazuri, tunasema mawazo tu, na kila mtu anaelewa. Washona wa Zimbabwe nao huita hali hiyo kwa neno lenye maana ya kufikiri kupita kiasi, na daktari wao, Dixon Chibanda, alijenga tiba juu ya neno hilo tangu mwaka 2006. Aliwafunza bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare, waketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na mfano huo umefika hata Zanzibar. Neno sonona ambalo Tanzania imelichagua kwa ajili ya ugonjwa wenyewe, na unyogovu wanaoutumia wenzetu wa Kenya, ni maneno mazuri, ila sijamsikia mzee wa Tanga akisema ana sonona. Atasema amechoka. Atasema kifua kimembana. Atasema hana hamu ya kula.

Mwenzangu mmoja wa darasani, binti wa Kiyemeni aliyezaliwa hapahapa Sheffield, ndiye aliyeniazima kitabu kuhusu Abu Zayd al-Balkhi. Mwanachuoni huyu aliishi kati ya mwaka 850 na 934 hivi katika nchi ambayo leo ni Afghanistan, akaandika kitabu kinachoshughulikia siha ya mwili na siha ya nafsi kwa pamoja. Sehemu ya nafsi ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2013 na Profesa Malik Badri wa Sudan, ambaye sasa ni marehemu. Al-Balkhi alikwisha kutofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama vile kufiwa, na huzuni inayomjia mtu bila yeye kujua imetoka wapi. Alishauri pia kwamba kama vile mtu anavyoweka akiba ya dawa nyumbani kwa ajili ya maradhi ya ghafla, aweke na akiba ya fikra njema wakati moyo wake umetulia, apate kuzitumia siku utakapochafuka. Niliisoma kauli hiyo ndani ya tramu nikapitiliza kituo changu. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza watu wa msikitini kwa nini nasomea mambo ya Wazungu.

Na watu walikuwa wakiuliza, tena kwa nia njema. Wapo wanaoona kwamba mwenye imani hapatwi na sonona, na akipatwa basi imani yake ina walakini. Sikuwahi kubishana nao sana. Niliwakumbusha Nabii Ya'qub, ambaye macho yake yaliharibika kwa huzuni ya mwanawe, na mwaka ule wa Mtume (s.a.w.) ambao wanahistoria wetu wameuita Mwaka wa Huzuni, alipofiwa na Bibi Khadija na ami yake. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba hao walipungukiwa na imani.

Mtihani wa kwanza mkubwa ulikuwa mwezi wa Novemba. Haukuwa wa kuandika. Unaingizwa katika chumba chenye kamera, anakaa mbele yako mwigizaji aliyepewa maelezo ya ugonjwa fulani, nawe una dakika 45 za kumhoji kana kwamba ni mgonjwa aliyekuja kituoni siku hiyo. Unatakiwa ujue tatizo ni lipi, linamjia wapi na lini, akiwa na nani, limeathiri vipi nyumba yake na kazi yake. Unamsomea maswali tisa ya sonona na saba ya wahaka, naye anajipa alama kwa jinsi alivyojisikia wiki mbili zilizopita. Swali la tisa katika yale ya kwanza ndilo zito: humuuliza kama amekuwa akiona afadhali angekuwa amekufa, au akifikiria kujidhuru. Baada yake unapaswa kuuliza waziwazi, kwa maneno ambayo hayana mlango wa kutorokea, kama amefikiri kujiua, kama amepanga namna, na ni kitu gani kinachomzuia.

Mwigizaji wangu alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu. Nywele nyeupe, sweta la kijivu, mikono juu ya magoti. Akasema mke wake amefariki mwanzoni mwa mwaka.

Nilifanya vizuri mpaka hapo, wasahihishaji wenyewe waliandika hivyo. Nilimsikiliza, nilimpa nafasi, sikumkatiza. Lakini ulipofika wakati wa kuuliza, ulimi ulikuwa mzito. Mimi nimefunzwa kwamba mtoto hamtazami mzee usoni sana, seuze kumuuliza kama anataka kujiua! Nikainamisha kichwa, nikasikia sauti yangu ikisema: huna mawazo mabaya, sivyo? Mzee akanitazama kwa upole akajibu, hapana, binti yangu, hapana. Nikashukuru, nikaendelea na swali la usingizi.

Nilifeli. Mtu akikosea mengine anaweza kufidia alama, lakini hilo halifidiwi. Msimamizi wangu, mama mmoja Mwingereza mwenye mvi na maneno machache, alinisomea karatasi aliyokuwa amepewa yule mwigizaji. Iliandikwa kwamba akiulizwa waziwazi ajibu kweli, kwamba amekwisha kuichagua siku. Akiulizwa kwa kuzungukwa, akatae.

"Ulimuuliza swali," aliniambia, "na papo hapo ukamwonyesha jibu unalolitaka. Akakupa kwa adabu yake."

Nikamwambia kwamba kwetu mtu hamuulizi mzee jambo kama hilo, ni kama kumwombea baya. Tena nilikuwa na hofu nyingine ambayo naamini wasomaji wengi wanayo: je, si nitamtia fikra ambayo hakuwa nayo? Hakucheka. Alinieleza kwamba jambo hilo limechunguzwa na kuchunguzwa tena, na haijaonekana kwamba kuuliza kunapanda fikra hiyo. Aghalabu mwenye kuulizwa hupata nafuu, kwa kuwa alikuwa ameibeba peke yake. Kisha akaniuliza ni mzee gani hasa niliyekuwa nikimwogopa pale chumbani.

Sikumjibu. Nilijua.

Tangu mama afariki nilikuwa nikimpigia baba simu kila Ijumaa baada ya swala, na mazungumzo yetu yalikuwa na mwendo wake. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, hamjambo huko? Hatujambo, habari za hapo? Njema, alhamdulillah. Kisha bei ya unga, mvua, salamu za majirani. Baba alikuwa karani wa bandari kwa miaka 31, na alipostaafu akawa anasomesha watoto wa mtaani Juzuu Amma kila baada ya Alasiri, barazani kwake. Alikuwa ameacha kuwasomesha. Aliniambia sauti imemwisha, nami nikamwambia apumzike. Alikuwa ameacha kwenda mwenyewe soko la samaki, yeye ambaye hakuwahi kumwamini mtu mwingine kumchagulia changu. Nikasema ni umri. Kila ishara iliyoandikwa katika daftari langu la darasani nilikuwa nayo katika simu ya Ijumaa, na kila Ijumaa nilimwambia, subira baba, zidisha dhikri. Simuombi radhi mtu kwa kumwambia mzazi wangu asubiri na amkumbuke Mola wake. Kosa ni kwamba nilimjibu kabla sijamuuliza.

Ilinichukua siku nne. Jumapili, baada ya Isha kwa saa za Tanga, nikapiga.

Tulisalimiana. Nikamwacha amalize habari zake njema. Kisha nikasema, baba, nina swali, nalo si la mtoto kumuuliza mzazi wake, unisamehe. Tangu mama aondoke, kuna nyakati unaona afadhali na wewe ungekufa? Kuna wakati umefikiri kujiua?

Nilisikia feni ya dari. Nilisikia mtu akipita nje akiongea na simu. Nilihesabu pumzi zangu kama tulivyofundishwa tuwafundishe wengine.

"Nani kakwambia?" akauliza baba.

"Hakuna aliyeniambia, baba. Nakuuliza mimi."

Akanyamaza tena. Kisha akasema, taratibu, kwa sauti ya ukarani: "Kujiua ni haramu, hilo nalijua, sitamkosea Mola wangu kwa hilo. Ila dawa za presha nimeziacha tangu mfungo sita. Nilisema kama siku yangu imekaribia, mimi sina haja ya kuisukuma mbele kwa vidonge."

Tulikuwa katika mfungo nane. Miezi miwili kamili, na katika miezi hiyo nilikuwa nimemuuliza hali mara nane na mara nane akanijibu njema.

Sikulia mpaka baadaye. Nilimshukuru kwa kuniambia. Nikamuuliza yaliyobaki, moja baada ya jingine, naye akajibu yote bila kuona haya, na nadhani mimi ndiye niliyekuwa na haya peke yangu muda wote. Nikamwomba ruhusa nimwambie kaka yangu. Akasema, mwambie, ila asije na kelele. Kaka hakulala usiku ule. Asubuhi alimpeleka hospitali. Presha ilikuwa juu vibaya. Daktari alimrudishia dawa, akampeleka kwa muuguzi wa afya ya akili, naye akamkalisha baba na kumsomea maswali yaleyale tisa, kwa Kiswahili. Baba alipata 17 kati ya 27. Kwa kipimo hicho ni sonona iliyokwisha kupita wastani, haijafika kilele.

Nilitaka kumtibu mwenyewe kwa simu. Nilikuwa nimekwisha kuchora ratiba. Msimamizi wangu alinikataza bila kuzungusha maneno: hakuna anayemtibu baba yake, yeye ana muuguzi tayari, na kitu ambacho muuguzi hawezi kumpa ni binti. Basi kazi ikafanywa na muuguzi yule pamoja na kaka na wifi yangu, nami nikasikia tu. Ilikuwa ni ileile tuliyokuwa tukijifunza. Mgonjwa anaandika mambo yake ya kila siku, ya lazima na ya kupendeza, yale aliyoyaacha. Kisha anarudishia moja dogo, kwa siku na saa maalumu, bila kungoja hamu, kwa kuwa hamu huja nyuma ya tendo. Baba alianza na kuswali Alasiri msikitini badala ya chumbani. Wiki mbili za kwanza alikwenda mara tatu tu. Kisha imamu, ambaye kaka alimweleza jambo lenyewe kwa idhini ya baba, akawa anampitia. Hakumpa mawaidha. Alikuwa anagonga tu na kusema, twende mzee.

Baada ya Ramadhani alimpokea mtoto mmoja barazani, mjukuu wa jirani. Mmoja, si darasa.

Mtihani niliurudia Januari nikafaulu, nikamaliza masomo mwaka huohuo wa 2023, na sasa ni mfanyakazi kamili. Sitasimulia habari ya mgonjwa wangu yeyote, hiyo ni amana. Lakini nina malalamiko yangu na kazi yenyewe, nisije nikaonekana kuwa naisifu tu. Nusu saa kwa mgonjwa, mara sita au nane, mara nyingi kwa simu, ni kidogo kwa mtu aliyekimbia vita. Alama hupimwa kila kikao, na wakubwa huzipenda mno tarakimu, kana kwamba anayeshuka kutoka 17 hadi 9 amekwisha kuwa mtu mwingine. Wasomali na Wayemeni wa mji huu wengi wao hawaji, na wakija hueleza tumbo na mgongo, na mkalimani asiyezoea huyaacha hayo kama si ya ugonjwa. Katika moduli tatu tulizosoma, moja inahusu maadili na utamaduni wa wagonjwa, nayo ni nzuri, lakini haiwezi kumfundisha mtu kusikia anachokisema mama wa Kiislamu anaposema amechoka. Kwa hilo waandikisheni watoto wetu. Wapo mabinti na vijana wenye shahada wanaoendesha teksi na kupanga bidhaa katika maghala. Chuo Kikuu cha Leeds, kama saa moja kwa treni kutoka hapa, Profesa Ghazala Mir na wenzake wameandaa tiba ya kurudisha matendo kwa ajili ya wagonjwa Waislamu, yenye kijitabu kwa yule anayesema kwamba dini yake ni nguzo kwake. Kijitabu kipo. Wa kukitumia akaeleweka bado ni wachache.

Baba ana miaka 76. Wiki nyingine ni nzuri, nyingine anarudi chumbani na kufunga mlango, na kaka hunipigia. Dawa anakunywa mbele ya wifi, kwa makubaliano, akinung'unika kwamba anafanywa mtoto. Ijumaa iliyopita nilimpigia kama kawaida. Nikamuuliza habari za hapo.

"Njema," akasema, "ila goti linauma, na samaki wamepanda bei, na mama yenu nimemwota."

Nikamuuliza angependa kuanza na lipi.